Kumaliza ndago kwenye bustani ya mboga: shajara ya mradi, Kibaha, Juni 2023 hadi Novemba 2024

10 Juni 2023. Hali kabla ya kuanza

Eneo ni mita 8 kwa 6 nyuma ya nyumba. Udongo ni wa kichanga, unaanza kushika mfinyanzi kidogo chini ya sentimita 40. Kuna matuta manne ya upana wa mita 1.2, na njia tatu za sentimita 40 katikati yake. Hulimwa mchicha, bamia, bilinganya na nyanya. Kwa misimu miwili mfululizo mchicha umezidiwa kabla ya kufikisha wiki tatu.

Gugu ni ndago, ile ambayo kitaalamu huitwa Cyperus rotundus. Kabla hujatumia hata shilingi moja, hakikisha ni yenyewe. Viringisha bua kati ya vidole: lina pembe tatu, halizunguki kama bua la nyasi. Majani yamepangana katika safu tatu na yanateleza. Ua ni la kahawia inayoelekea zambarau. Kisha chimba taratibu. Chini kuna vijiazi vyeusi vyenye manyoya, vikubwa kwa vidogo, vimefuatana kwenye uzi mgumu kama shanga. Ukitafuna kimoja ni kichungu na kinanuka kama dawa. Ukikuta kila uzi umeishia kwenye kijiazi kimoja cha mviringo, kitamu kama njugu, na ua ni la rangi ya dhahabu, hiyo ni ndugu yake, Cyperus esculentus. Hiyo haifungi vijiazi kwa mnyororo, kwa hiyo mengi ya hapa chini kuhusu kukata minyororo hayaihusu.

Kwa kuhesabu tulitengeneza fremu ya mbao yenye nafasi ya sentimita 50 kwa 50 ndani. Inawekwa mara mbili kwenye kila tuta, yanahesabiwa machipukizi yote yaliyomo. Wastani wa fremu nane: 74, sawa na karibu 300 kwa mita ya mraba. Fremu moja tulichimba hadi sentimita 30 kwa matabaka: sentimita 0 hadi 10 vijiazi 61, 10 hadi 20 vijiazi 33, 20 hadi 30 vijiazi 7. Hesabu hii ya matabaka isirukwe. Ndiyo iliyoamua baadaye wapi pa kuchekecha na wapi pa kufunika.

8 Julai 2023. Jembe limeongeza ndago

Tuta 1 lililimwa kwa jembe la mkono hadi sentimita 20, udongo ukiwa bado na unyevu wa masika. Tuta 2 liling'olewa kwa mkono bila kulimwa. Baada ya wiki tatu tuta 1 lilikuwa na machipukizi 131 kwa fremu, tuta 2 lilikuwa na 58.

Sababu iko kwenye mnyororo. Kila kijiazi kina macho kadhaa, lakini mnyororo ukiwa mzima, kijiazi cha mbele kinachochipua huwazuia wenzake wa nyuma wasiamke. Jembe likikata uzi, kizuizi kinaondoka na kila kipande kinaanza maisha yake. Ukilima penye unyevu, umepanda.

Ushauri wa "lima mara kwa mara, itachoka" una ukweli kwa sharti moja tu: iwe kiangazi kikavu, udongo ugeuzwe kila siku chache, na hakuna tone la maji linaloingia. Hapo vijiazi vinaletwa juu vikaukie jua. Bustani ya nyumbani inayomwagiliwa kila jioni haina sharti hilo.

Kung'oa kwa mkono nako kulikuwa na kasoro yake. Shina hukatika sentimita 2 au 3 chini ya ardhi, juu tu ya kitunguu chake (uvimbe wa chini ya shina), na kijiazi hubaki. Siku ya kumi majani mapya yako juu. Tulikaribia kuiacha njia hii, na lingekuwa kosa kubwa kuliko la jembe. Ona Mei 2024.

23 Septemba 2023. Kuchekecha udongo, tuta 1 na 2

Kazi ilifanyika Agosti na Septemba, wakati udongo umekauka na kupukutika. Hatua zenyewe ni fupi: acha kumwagilia wiki tatu, fyeka majani, inua udongo kwa jembe uma (si jembe la bapa) hadi sentimita 25, pitisha kwenye chekecheo lililoegeshwa kwa mshazari juu ya toroli, rudisha udongo. Kila tuta lilichukua siku nne za kibarua mmoja.

Chekecheo la kwanza lilikuwa la wavu wa nusu inchi. Udongo ulipita haraka, kazi ikaonekana nzuri. Tulipochukua ndoo moja ya udongo uliokwisha kuchekechwa na kuupembua kwa vidole, tulikuta vijiazi 19 vidogo ukubwa wa punje ya mahindi au chini yake. Vyote vilikuwa vimepita kwenye wavu. Mita tatu za tuta 1 zilirudiwa kwa wavu wa robo inchi. Huo unapunguza mwendo kwa karibu nusu, na ukijaribu udongo wenye unyevu unaziba kabisa. Hata hivyo, nunua huo tangu mwanzo. Wenye udongo wa mfinyanzi wasijaribu njia hii kabisa: mabonge hubeba vijiazi ndani yake na chekecheo haliwezi kuyatenganisha.

Swali lililofuata lilikuwa la kutupa. Vijiazi na nyuzi vilijaza viroba vitatu. Tulitandaza vijiazi juu ya bati chakavu kwenye jua, tabaka moja bila kurundika, tukawa tunachukua hamsini hamsini na kuvipanda kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu ili kuona vingapi bado viko hai:

- siku ya 3: vilichipua 41
- siku ya 7: vilichipua 17
- siku ya 10: vilichipua 4
- siku ya 14: hakuna

Kinachokiua kijiazi ni kupoteza maji, na ganda lake huyashikilia. Ndiyo maana wiki moja haitoshi hata kama vinaonekana vimenyauka. Kiroba kimoja tulikuwa tumekimwaga kwa rundo pembeni tukisubiri nafasi kwenye bati. Siku ya 14 vya juu vilikuwa vimekufa, vya katikati ya rundo vilikuwa na machipukizi meupe. Tandaza, usirundike.

Shimo la mboji si mahali pa ndago. Gao moja la nyuzi lilitupwa huko Julai, Septemba lilikuwa limeota pande zote za shimo. Joto la mboji ya nyumbani, isiyogeuzwa kwa utaratibu, halifiki kiwango cha kuua vijiazi pembezoni mwake. Tulilazimika kuitoa mboji yote na kuichekecha. Vilivyokauka siku 14 vilichomwa jikoni pamoja na mkaa.

21 Oktoba 2023. Hesabu baada ya kuchekecha

Tulimwagilia matuta mawili yaliyochekechwa kwa wiki tatu bila kupanda kitu, makusudi, ili yaliyobaki yajitokeze. Tuta 1: machipukizi 6 kwa fremu. Tuta 2: 5. Hizi ni zile zilizokuwa chini ya sentimita 25 na vijiazi vidogo vilivyoponyoka. Ziling'olewa moja moja kwa uma mdogo wa mkono.

16 Desemba 2023. Nailoni nyeusi, maboksi, na samadi iliyoturudisha nyuma

Vuli ya mwaka huu imekuja na El Niño, na mvua zimepita kiasi. Ndago haihitaji zaidi ya hapo.

Tuta 3 lilifunikwa nailoni nyeusi mwanzoni mwa Novemba, kwa matumaini ya kuinyima mwanga. Siku ya tisa ncha za ndago zilikuwa zimeitoboa, na mwisho wa mwezi ilikuwa kama chujio. Chipukizi la ndago hupanda likiwa limejikunja kuwa ncha ngumu kama sindano, na halifungui majani mpaka likutane na mwanga. Chini ya nailoni nyeusi mwanga haupo, kwa hiyo ncha inaendelea kusukuma tu hadi inatoka upande wa pili. Magugu mengine yote yalikufa chini yake, ndago peke yake ikabaki, tena bila mshindani. Kwa sangari na majani mapana nailoni nyeusi inafaa. Kwa ndago ni hasara tupu: shilingi 18,000 zilipotea.

Tuta 4 lilipewa maboksi. Yalitolewa utepe wa plastiki na pini, yakalazwa tabaka mbili zikipishana kwa sentimita 20, yakaloweshwa, juu yake pumba za mpunga unene wa sentimita 10. Kwa wiki tatu hayakutoboka isipokuwa kwenye maungio yaliyopishana kwa chini ya sentimita 10. Wiki ya nne mvua ilikuwa imeyaozesha, ndago ikapita. Maboksi mengine yaliongezwa juu ya yale ya kwanza bila kutoa pumba. Maboksi hayaui kijiazi, yanakichosha tu, kwa sababu chipukizi lililokwama gizani limeshatumia akiba yake bila kurudisha kitu. Kwenye mvua za kawaida yangedumu zaidi. Kwenye mvua kama hizi panga kuongeza tabaka kila wiki nne.

Sasa samadi. Katikati ya Novemba toroli tatu za samadi kavu ziliingizwa kwenye tuta 1 kwa ajili ya mchicha. Wiki tatu baadaye machipukizi yalitoka 6 hadi 22 kwa fremu. Tuta 2, ambalo halikupewa samadi, lilikuwa na 7. Tulichimba tuta 1 na kukuta vijiazi vipya katika sentimita 12 za juu tu, hapo hapo samadi ilipochanganywa. Samadi hiyo ilikuwa imerundikwa juu ya ardhi yenye ndago, na wakati wa kuipakia beleshi lilichota na udongo wa chini. Siku nne za kibarua ziliharibiwa na toroli tatu.

Kipimo ambacho sasa kinafanyika kabla samadi, mboji au udongo mweusi wowote haujavuka geti: jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanganyiko uliotolewa sehemu tatu za mzigo, hasa sehemu ya chini kabisa, toboa ndoo kitako, mwagilia, weka juani wiki tatu. Kikitoka chipukizi hata kimoja, mzigo wote haufai. Wiki tatu zinaonekana ndefu kwa mtu mwenye miche mkononi. Hakuna njia ya mkato hapa, macho hayawezi kutofautisha kijiazi kikavu na kipande cha kinyesi cha mbuzi.

16 Machi 2024. Nailoni angavu, wiki saba

Mpango ulikuwa kutandaza nailoni inayopitisha mwanga, ili jua lipashe udongo na kuua vijiazi, kuanzia mapema Januari, lakini mvua hazikukata mwezi huo kama inavyotarajiwa. Nailoni ilitandazwa 27 Januari na kutolewa leo. Ilifunika tuta 3 lote na tuta 1, kwa sababu vijiazi vilivyoletwa na samadi vilikuwa vya juu juu, na huko ndiko joto linakofika.

Hapa rangi ya nailoni ndiyo kila kitu. Chini ya nailoni angavu chipukizi hukutana na mwanga kabla ya kufika kwenye nailoni, likafungua majani likiwa bado chini. Majani yaliyofunguka hayana ncha ya kutoboa. Yanajikunja chini ya nailoni na kuungua.

Hatua:

1. Fyeka majani, sawazisha udongo, ondoa vijiti na mawe yatakayoinua nailoni.
2. Mwagilia hadi unyevu ufike sentimita 20. Udongo mkavu haupitishi joto vizuri kwenda chini, na kijiazi kilichoamshwa na unyevu hufa upesi kuliko kilicholala.
3. Tandaza nailoni ikigusa udongo. Ikibaki hewa katikati, joto linapotea.
4. Chimba mfereji wa sentimita 15 kuzunguka tuta, fukia kingo zote, kanyaga.

Kipimajoto cha udongo saa tisa alasiri ya siku ya jua kilisoma nyuzi 51 kwenye sentimita 5 na nyuzi 41 kwenye sentimita 15. Siku za mawingu sentimita 5 hazikupita nyuzi 40. Siku hizo zilikuwa nyingi, ndiyo maana tulikwenda wiki saba badala ya tano.

Yaliyoharibika: kuku waliitoboa sehemu nne, na kila tundu liligeuka mahali pa ndago kupumulia. Liligunduliwa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo kagua kila asubuhi na ziba kwa selotepu pana siku hiyo hiyo. Pili, kingo za sentimita 30 kila upande hazikupata joto la kutosha, zikabaki hai kabisa. Nailoni inatakiwa ivuke tuta kwa sentimita 50 kila upande, yaani ifunike na njia. Yetu ya upana wa mita 2 haikutosha.

Tulichimba fremu moja katikati ya tuta 3. Vijiazi vya sentimita 10 za juu vilikuwa vimelainika na kuoza, ukivibonyeza vinatoa maji. Chini ya sentimita 15 vilikuwa vigumu na vyeupe ndani. Kwa hiyo tusidanganyane: nailoni angavu inaondoa tabaka la juu tu, na hilo ndilo lenye vijiazi vingi, lakini iliyobaki chini itapanda masika yakianza.

25 Mei 2024. Siku 14, kalenda ya masika

Hesabu ya mwanzo, wiki mbili baada ya mvua kuanza: tuta 1 machipukizi 3, tuta 2 machipukizi 6, tuta 3 machipukizi 28, tuta 4 machipukizi 35 kwa fremu.

Kutoka hapa dawa ya msingi ni kalenda. Ndago iliyochipua leo huanza kufunga vijiazi vipya ikiwa na majani matano au sita hivi, na kwenye joto na mvua hufika hapo mapema sana. Ukiiondoa kabla ya hapo, kijiazi mama kimetoa akiba na hakikupata malipo. Ukichelewa hadi wiki ya tano au ya sita, hata ukang'oa kwa bidii gani, umekuta watoto wameshazaliwa chini. Tofauti kati ya kung'oa kulikoshindwa Julai na kung'oa kunakofanya kazi sasa ni siku tu. Tulipanga Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, bila kuangalia kama bustani inaonekana safi.

Namna: choma uma mdogo wa mkono umbali wa sentimita 8 kutoka kwenye shina, inua udongo kwanza, ndipo uvute. Kitunguu kikitoka na kijiazi, vizuri. Kikikatika, usichimbue kukitafuta, utakata mnyororo. Kiache, kitarudi kidhaifu zaidi, na duru inayofuata utakikuta.

Duru moja ilirukwa mwishoni mwa Aprili kwa sababu ya mvua. Siku ya 28 fremu moja ya tuta 4 ilikuwa na vijiazi vyeupe vichanga 11, vilivyotengenezwa ndani ya muda huo. Kama udongo umelowa mno kuchomwa uma, kata majani kwa kisu usawa wa ardhi. Si bora kama kung'oa, lakini inaizuia isijilishe.

Kwenye njia na ukanda wa nusu mita nje ya bustani, ambako hakuna chakula kinachoota, tulitumia glifosati, dawa ya kuua magugu, ya gramu 360 kwa lita. Ndani ya matuta ya mboga haikuingia. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na mchicha unaoliwa baada ya wiki tatu si mahali pa kujaribia. Nunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, yenye lebo nzima, na lebo ndiyo inayotawala kipimo. Kipimo chetu kilikuwa mililita 10 kwa lita 1 ya maji, na lita moja ilitosha eneo zima kwa kutumia bomba dogo la kupampu kwa mkono. Vaa glavu za mpira, buti, miwani na barakoa.

Duru ya kwanza ilishindwa, kwa sababu tatu zilizokutana. Maji yalichotwa kisimani yakiwa na tope, na glifosati hujishika kwenye chembe za mfinyanzi na kupoteza nguvu. Majani yalikuwa yamefyekwa siku nne kabla, hivyo dawa haikuwa na pa kuingilia. Mvua ilinyesha saa mbili baada ya kupulizia. Duru ya pili ilifuata masharti: maji safi ya bomba, ndago yenye majani matano hadi sita na haijachanua, asubuhi isiyo na upepo, muda wa saa sita bila mvua baada ya kupulizia, na kutogusa mimea kwa siku 14 ili dawa ishuke hadi chini. Baada ya wiki mbili majani yalikuwa ya njano mpaka kwenye shina. Ilirudiwa mara mbili zaidi kwa nafasi ya wiki tano, kwa kuwa kijiazi kilicholala hakina jani, na kisicho na jani hakipati dawa. Yeyote anayeahidi kumaliza ndago kwa kupulizia mara moja hajawahi kuchimba kuangalia chini.

Mibilinganya miwili ya pembeni mwa tuta 2 ilipata matone ya dawa yaliyopeperuka, majani machanga yakasinyaa na kuwa membamba. Iling'olewa. Tangu hapo ncha ya bomba inavalishwa chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako, ili dawa isitoke nje ya duara lake.

31 Agosti 2024. Matembele kama kivuli

Ndago inapenda jua kali na haivumilii kivuli. Marando ya matembele ya sentimita 30 yalipandwa tuta 3 na 4 katikati ya Aprili, nafasi ya sentimita 30 kwa 30, karibu mara mbili ya msongamano wa kawaida. Yalifunga ardhi wiki ya saba. Wiki hizo saba za kwanza, ukiacha duru iliyorukwa Aprili, kalenda ya siku 14 haikusimama. Aliyepanda matembele akaiachia yenyewe tangu siku ya kwanza atakuta ndago imeyazidi.

Baada ya kufunga, machipukizi yaliyotokea chini yalikuwa membamba, ya kijani kilichofifia, na mengi hayakuwa na kijiazi kipya hata kimoja. Hesabu leo: tuta 3 machipukizi 6, tuta 4 machipukizi 9.

Kosa lilikuwa la jikoni. Julai matembele yalichumwa kwa wingi kwenye kona moja ya tuta 4 mpaka ardhi ikaonekana, na ndani ya siku kumi kona hiyo ilikuwa na ndago 20 kwa fremu. Sasa huchumwa ncha tu, theluthi moja ya tuta kwa wiki, kwa kuzungushana.

14 Septemba 2024. Mpaka

Upande wa uzio ulikuwa ukirudisha ndago kila mwezi, mstari mmoja ulionyooka. Nyuzi zilikuwa zikipita chini kutoka ng'ambo. Ulichimbwa mfereji wa sentimita 35, likasimamishwa bati chakavu lililokatwa vipande vya sentimita 40, na sentimita 5 zikabaki juu ya ardhi. Vipande vinapishana sentimita 15. Mahali viliposogezwa bega kwa bega bila kupishana, uzi ulipenya baada ya wiki tatu.

Jembe, uma na gurudumu la toroli huoshwa kabla ya kuingia, na kibarua anayetoka shamba lingine hutumia vifaa vya hapa.

23 Novemba 2024. Hesabu na gharama hadi sasa

Machipukizi kwa fremu, wiki nne baada ya vuli kuanza: tuta 1 na 2, chipukizi 1 kila moja. Tuta 3, machipukizi 2. Tuta 4, machipukizi 3. Njia, 2. Mchicha umevunwa mara mbili kwenye tuta 1 na 2 bila kuzidiwa.

Gharama kwa shilingi: kibarua siku nane 96,000, nailoni angavu mita 20, 50,000, mabati chakavu 20,000, jembe uma 18,000, nailoni nyeusi 18,000, glavu, miwani na barakoa 16,000, wavu wa robo inchi 14,000, samadi 12,000, bomba dogo 12,000, marando viroba viwili 10,000, mbao na misumari 9,000, glifosati nusu lita 9,000, wavu wa nusu inchi 8,000, maboksi 6,000. Jumla 298,000. Zilizopotea bure ni 38,000: nailoni nyeusi, samadi na wavu wa nusu inchi. Saa za Jumamosi hazimo kwenye hesabu hii, na ndizo zilizofanya kazi kubwa. Mwanzoni duru moja ilichukua saa tatu, sasa ni dakika 25.

Kwa anayeanza na bustani ya ukubwa huu na fedha kidogo, tungeacha kuchekecha na kuanza na nailoni angavu Januari, kisha kalenda na matembele masika. Tuta 3 lilikwenda karibu hivyo, na leo linatofautiana na yaliyochekechwa kwa chipukizi moja tu.

Kona ya tuta 4 karibu na bomba la maji bado ina ndago 7 kwa fremu, kwa sababu bomba linavuja na udongo haukauki. Koki inabadilishwa wiki hii. Duru inayofuata ni 7 Desemba.